Kisima cha Mama na Jamaa Zangu Sitini na Mmoja

Jumatatu, 3 Agosti

Kisima kimetoa maji! Mita nne tu, uani kwetu huku ugenini, Troyeville. Nimelia. Ni sadaka ya marehemu mama, aliyebeba ndoo kule Tanga hadi nywele za utosini zikamtoka. Nimebandika ubao getini: MAJI YA BURE, KISIMA CHA BI TABIA. Mke wangu Shufaa kauliza kama nina kibali. Sadaka na kibali wapi na wapi?

Jumanne, 4 Agosti

Kibali kinatakiwa. Jirani Théodore, fundi cherehani wa Kikongo, mwenye tenki la plastiki na maringo yake, kanieleza sheria kwa raha kabisa.

Nikaenda ofisini, mjini. Karani kasema maji ya familia yangu hayana shida, nijaze fomu tu. Kugawia mtaa mzima ni habari nyingine: leseni, vipimo, miezi. Fomu inauliza watu wa nyumbani. Nikaomba karatasi ya ziada. Nimeandika sitini na mmoja. Uongo uko wapi? Mwenye spaza, kiduka cha mtaani, namwita mama, naye huniita mwanangu. Kwa Théodore kalamu ilisita. Nikaandika: shemeji.

Alhamisi, 6 Agosti

Mkaguzi kaja. Mama mpole, mwenye miwani. Kauliza hao sitini na mmoja wanalala wapi. Nikajibu kwa zamu. Shufaa kajifunika uso kwa kanga.

Mkaguzi akamwita Théodore, aliyekuwa akichungulia ukutani, akamuuliza mimi ni nani wake. Basi, nimekwisha. Kisima kitafukiwa, na jina la mama nalo.

"Huyu Mwadini ni beau-frère yangu," akasema Théodore. "Kisima ni ya mama-mkwe yangu."

Shemeji! Na mkewe katoka Bukavu! Tanga hajaiona hata pichani. Machozi yakanitoka.

Mkaguzi kasema haoni familia hapa, anaona mtaa. Kisima kisifukiwe, kifunikwe. Tuombe leseni.

Ijumaa, 7 Agosti

Baada ya swala, mimi na Théodore tumefunika kisima. Kaniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Nikamsimulia, naye akanisimulia wake, chai ikapoa.

Kisha tukajaza fomu ya leseni. Jina la mwombaji? Nikaandika Bi Tabia. Théodore kasema marehemu haombi leseni. Kwani kisima si chake? Mkaguzi akija kumuulizia, nitasema katoka kidogo.