Sifuri Hutangulia

Jumatatu, 3 Juni
Meneja katuita sote. Kachoka! Kila akitafuta mchoro wa jengo kwenye folda ya ofisi anakuta "mpya", "mpya wa mwisho", "wa mwisho kabisa". (Yote matatu ni yangu. Nilitazama dari.) Kila mchoraji alete mtindo wake wa kuyapa mafaili majina. Mwenye mtindo bora atasimamia michoro ya zahanati mpya. Zahanati! Naililia tangu niajiriwe. Mpinzani ni mmoja tu: Bi Rula wa meza ya dirishani.

Jumanne, 4 Juni
Nimempitia Bi Rula kwa nyuma. Anaanza na mwaka, kisha mwezi, siku, halafu jina la jengo. Kabonyeza mara moja, mafaili yakajipanga yenyewe! La zamani juu, jipya chini. Mwili ulinisisimka. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Aliniuliza kama nimepotea. Nikasema natafuta stepla.

Jumatano, 5 Juni
Nimegundua siri ya kompyuta: sifuri hutangulia namba zote! Nimeweka sifuri mbele ya mafaili yangu. Yamepanda juu kama mafuta kwenye maji. Nimejiogopa! Nimempigia mke wangu kumweleza. Akauliza kama mchoro wa banda la kuku la mama yake uko tayari. Uko tayari, na nimeupa sifuri mbili. Mkwe ni mkwe.

Alhamisi, 6 Juni
Amekuja daktari mwenye zahanati. Meneja kauliza mchoro wa awali wa zahanati uko wapi. Nikajibu kwa madaha: afungue faili la juu kabisa. Projekta ikawashwa: banda la kuku, ukuta mzima! Daktari kauliza kwa upole mbona vitanda vya wagonjwa ni vijiti. Natamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 7 Juni
Zahanati kapewa Bi Rula. Imeniuma sana. Kanipitia mezani kuniambia banda limechorwa vizuri, nikazidi kuumia. Meneja kaamuru: mtindo ni wa Bi Rula, kila faili lianze na mwaka. Sifuri zangu marufuku. Jumatatu wanakuja wenye shule.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Meneja kasema mwaka. Hakusema upi! Mafaili yangu yote sasa ni ya mwaka 0001. La mkwe pia, nisije nikaulizwa nyumbani. Yamepanda juu yote, yamenyooka, hakuna lililoyatangulia. Nimeyatazama mpaka machozi yakanilenga.