Nukta Zilizonyooka

Jumatatu, 3 Juni
Dhuluma! Mkuu wa maabara anatafuta msimamizi wa zamu, na jicho lake liko kwa Mtakatifu, jirani yangu wa meza. Eti kwa sababu ya nukta. Kila asubuhi, kabla ya damu ya mgonjwa yeyote, kila mtu huilisha mashine yake ya sukari sampuli ya udhibiti, ambayo jibu lake linajulikana. Jibu huwekwa nukta kwenye chati. Likivuka mstari mwekundu, kazi husimama. Leo nukta ya Mtakatifu ilivuka, akasimamisha kazi, foleni ikamtukana hadi babu yake. Na bado kasifiwa!

Jumanne, 4 Juni
Leo imevuka yangu. Juu kabisa. Nikarudia. Juu. Nikarudia tena na tena mpaka nukta moja ikaona haya, ikaingia ndani. Hiyo ndiyo niliyoiandika. Mvumilivu hula mbivu.

Jumatano, 5 Juni
Kurudia kunachosha. Sasa naweka nukta katikati moja kwa moja, sampuli ilale chupani. Foleni yangu inateleza! Mama mkwe akaja, nikampima mwenyewe. Sukari imepanda vibaya. Mke wangu kalia. Jioni mama mkwe kahamia kwetu na godoro lake, ili mtaalamu amwangalie kwa karibu.

Alhamisi, 6 Juni
Sukari marufuku nyumbani. Mama mkwe anasema mkwe mwema hula anachokula mgonjwa. Ugonjwa ni wake, chai isiyo na sukari ni yangu. Hii ni haki?

Nukta nyingine katikati. Chati yangu imenyooka kama uzi wa fundi.

Ijumaa, 7 Juni
Mkuu kaikagua chati. Nikaweka kola sawa nikingoja pongezi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hata maiti hanyooki hivi. Mashine iliyo nzima lazima nukta zake zicheze kidogo. Nukta hizi ulizipima au ulizipanda?"

Nikasema mashine yangu ina nidhamu. Akamwita Mtakatifu aijaribu mbele yangu. Juu kabisa! Kumbe tangu Jumanne ilikuwa ikiwapa watu sukari wasiyokuwa nayo. Wote wanaitwa warudi. Mama mkwe kapimwa kwa Mtakatifu: mzima kuliko mimi.

Nikamkumbusha kwamba sasa anaweza kwenda kwake. Kagoma. Anataka kwanza kuelezwa kwa nini mkwewe alimnyima sukari. Mke wangu naye kakaa, mikono kifuani, anangoja jibu hilo hilo.

Jumatatu, 10 Juni
Mtakatifu ndiye msimamizi. Mimi nimepewa jokofu la kemikali: nisome kipimajoto chake kila asubuhi, niandike. Mtu wa kiwango changu! Lakini asije mtu akasema sijifunzi. Kosa nimelijua: nukta zilinyooka mno. Basi leo nimeandika joto la wiki nzima kwa mkupuo, hapa juu kidogo, pale chini kidogo, zinacheza ngoma safi. Jokofu lenyewe sijalifungua.

Ijumaa nimeipandisha zaidi. Nahisi kutakuwa na joto.