Mbuzi Watatu kwa Klachi Moja

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mutanu,

Gari lako linashuka lakini halipandi.

Nimelijaribu mara tatu leo kwenye mteremko wa kisima. Kushuka, safi kabisa. Kupanda, injini inapiga kelele kama iko njiani kwenda Mombasa, na gari limesimama palepale. Harufu ya kuungua. Kuku wote wamehama.

Sijui ni nini kimeliharibu. Tangu uondoke dereva ni mimi peke yangu, na mimi naendesha kwa uangalifu sana.

Jioni binti yetu Kavindu akapiga simu kutoka Wote. Sijui nani alimwambia. Amesema gari la viti viwili kwa mtu mmoja ni hasara, na amempata mtu mwenye hoteli Malili anayelitaka. Nikauliza kama huyo mtu anajua kuendesha gari la gia. Akasema hataki kuliendesha. Anataka kulipandisha juu ya paa la hoteli na kupanda maua ndani yake, ili wasafiri wa barabara kuu walione washuke kula.

Maua! Kwenye kiti chako!

Tumevutana hadi salio likamwishia. Akakopa, akapiga tena. Mwisho tumekubaliana hivi: Jumamosi, siku unayotimiza mwaka kaburini, anakuja na huyo mtu wa Malili. Gari likipanda mlima wa kanisa kwa nguvu zake lenyewe, linabaki. Likishindwa, linaenda kuwa bustani. Nikasema sawa, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi.

Nimekumbuka siku ulipolileta. Miaka thelathini na mmoja ya unesi, na lile gari letu kuukuu lilibeba wajawazito, majeneza, viti vya kanisa na mbuzi wa mahari za watu wengine. Ulipostaafu ukasema sasa unanunua gari lisilo na nafasi ya mtu. Kiti kimoja chako, kimoja changu. Anayetaka lifti akae juu ya mapaja ya Nzomo. Hakuna aliyeomba mara ya pili. Ni Kiema tu, jirani yetu, aliyeuliza kama anaweza kukaa nyuma, akazunguka gari lote akitafuta hiyo nyuma.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango! Nimesikia kwa kinyozi kwamba rivasi ina nguvu kuliko gia zote. Basi, kama gari halipandi likitazama mbele, lipande likitazama nyuma. Hata Kavindu hakusema litazame wapi.

Limepanda, Mutanu! Nusu ya mteremko, taratibu, mimi nimegeuza shingo kama bundi. Shida ni kuona. Unajua kiti kiko pale ulipokiacha, karibu kabisa na usukani, kwa sababu miguu yako ilikuwa mifupi. Magoti yangu yanafika kidevuni. Kuna chuma chini ya kiti cha kukisogezea nyuma. Najua kilipo.

Nikaingia kwenye ua wa katani wa Kiema.

Kiema mwenyewe alikuwa hapo hapo, amekaa juu ya ndoo, anakula hindi la kuchemsha. Hakuinuka. Akatafuna, akameza, ndipo akaniuliza, mutui, unarudi ulikotoka? Mutui, yaani jirani. Bado ananiita hivyo ingawa huu ni mwaka wa pili sijaingia kwake. Akasema ana kamba na pikapu. Nikamwambia sihitaji kamba ya mtu. Akasema basi angalau nitoe gari kwenye ua wake.

Halikutoka. Nimemwambia nimeliegesha hapo kwa makusudi.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi mpango wa pili. Nimemwomba kiongozi wa kwaya wafanye mazoezi mlimani Jumamosi, wakitembea nyuma ya gari, mikono yao ikiwa imelishika kidogo. Akauliza kidogo kiasi gani. Nikasema kama mtu anayesukuma. Akasema wale ni sauti ya kwanza na ya pili, si matingatinga. Tena wengi wao walinyimwa lifti na wewe.

Basi nimempigia fundi Fahim wa Kitui mjini, ambaye namba yake nimeikuta kwenye daftari lako la kliniki, hili hili ninaloandikia. Nikaweka simu juu ya boneti, nikakanyaga mafuta ili asikie mwenyewe. Akasema, mzee, hiyo ni klachi, imekwisha. Elfu hamsini na mbili. Sahani na vifaa vyake elfu arobaini na mbili, vije kutoka Nairobi. Kushusha giaboksi na kuirudisha, elfu kumi.

Elfu hamsini na mbili! Nikamwambia sinunui gari, natengeneza klachi tu. Akasema gari la mbio ni kama bibi harusi, hata pini yake ina bei yake. Nikaomba klachi ya pikapu, ile ya bei nafuu. Akacheka mpaka akakohoa.

Jambo moja limenishangaza baadaye. Hakuniuliza ni gari gani.

Ninazo elfu ishirini na moja. Zilizobaki ziko zizini, zinakula maganda ya ndengu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepeleka mbuzi watatu soko la Tulia. Kwa siri. Nimevaa kofia yako ya shambani ili nisitambulikane, na wanawake watatu wamenisalimia kwa jina kabla sijafika langoni.

Elfu thelathini na moja. Imetosha sawasawa! Nimemtumia Fahim pesa yote.

Kidogo niharibikiwe. Kiema alikuwa sokoni, ameegemea pikapu yake. Nikajificha nyuma ya magunia ya pojo. Mwenye magunia akaniuliza kwa sauti kubwa kama nanunua au najisaidia. Kiema aligeuka. Nadhani hakuniona. Aliinua mkono, lakini huenda alikuwa anafukuza nzi.

Kavindu anawajua wale mbuzi mmoja mmoja, kwa hiyo atauliza. Nimeshapanga. Nitasema wameibwa usiku. Ni uongo mzuri kwa sababu umewahi kutokea kweli. Unakumbuka, miaka miwili iliyopita, ulivyoamka ukakuta watatu hawapo? Ulikaa kwenye ngazi umefunika uso kwa leso. Nilizunguka vichakani siku nzima. Na wiki ile ile Kiema akachoma nyama kwake, harufu ikaja mpaka mezani petu. Sikumshtaki. Niliacha tu kula kwake, kisha nikaacha kumpa mkono. Wewe ukasema, Nzomo, mwache mtu wa watu. Nilifikiri ni ule moyo wako wa unesi.

Siku ya mazishi alibeba jeneza lako upande wa mbele. Alipoliweka chini akaninyooshea mkono. Mimi nilijifanya natafuta kitambaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika polepole. Leo kuna mambo.

Saa kumi na mbili asubuhi nimemkuta Kiema amefunga gari lako kwa kamba kwenye pikapu yake. Sikumwita. Akasema ua wake umechoka kuwa gereji, na Kitui hapafikiwi kwa rivasi. Sikuwa na mpango mwingine. Nimekaa kwenye usukani, yeye amevuta mpaka mjini.

Fahim akatoka chini ya lori, akafuta mikono. Akamwona Kiema, akafurahi kabisa. Karibu tena, mzee! Leo hamkuja na mbuzi?

Nikauliza mbuzi gani.

Akasema si wale watatu, ile mara ya kwanza. Mama mwenye gari hili alitaka wapakuliwe hapa kama malipo, mafundi wakamshauri awapeleke kwanza soko la Tulia ndipo arudi na pesa. Akaingia chini ya gari lako, akafanya kazi yake, akatoka na sahani ya klachi imeungua nyeusi. Pembeni ina alama ya rangi nyeupe aliyoipaka mwenyewe, na tarehe. Miaka miwili iliyopita. Akasema mama huyu alikuwa mtu mzuri lakini mguu wake wa kushoto ulikaa juu ya klachi safari nzima, kama umekodi chumba. Aliunguza ya kwanza kwa miezi minane.

Wewe, Mutanu!

Wewe uliyenifundisha kwenye uwanja wa shule, ukipiga dashibodi kwa kiganja! Toa mguu kwa klachi, Nzomo! Unataka kutuua njaa? Toa mguu!

Nikamtazama Kiema. Alikuwa anasoma bango la mafuta ya injini, herufi moja moja. Nikamwuliza kama ni kweli. Akasema ulimwapisha. Ulimwambia: Nzomo akijua, atanicheka mpaka nife. Yeye akawabeba mbuzi kwa pikapu yake kabla sijaamka. Nikauliza kwa nini hakusema hata baada ya wewe kufa, hata siku ile kaburini. Akasema hukumwambia mwisho wa kiapo ni lini.

Na ile nyama? Kilo mbili, za buchani. Akasema, mutui, nilikuwa nimekukatia ubavu wako. Uliliwa na mbwa.

Nimecheka. Nimecheka hadi Fahim akaleta kiti. Halafu sikuwa nacheka tena, na Kiema akasimama kati yangu na barabara ili watu wasione, akiendelea kulisoma lile bango.

Nimempa mkono. Mkono wake ni mkavu na mkubwa. Nilikuwa nimesahau.

Kazi imekwisha saa kumi. Fahim akaingia garini kulijaribu, akashindwa kuingiza magoti. Akaniuliza ninaendeshaje hapa, mbona mguu hauna mahali pa kukaa ila juu ya klachi? Akasema dawa ni rahisi, haina hata bei. Nikisogeze kiti nyuma. Akainama kushika kile chuma. Nikamshika mkono. Nikasema nitakisogeza mwenyewe nyumbani.

Jumamosi, 9 Agosti

Mwaka mmoja.

Watu wamejaa mlimani. Kwaya imekuja kutazama, haikugusa. Mtu wa Malili alikuwa na futi ya kupimia, anapima gari huku akiuliza maua gani yanavumilia jua. Kavindu amevaa ile leso yako ya buluu. Hakunitazama machoni.

Gia ya kwanza. Nikaachia taratibu, kama ulivyonifundisha na kama usivyofanya mwenyewe. Likaondoka! Kona ya mkuyu, likapita. Pale penye mawe, likaunguruma, likapita. Nimefika lango la kanisa na kulipita, kwa sababu nilisahau kusimama. Kwaya ikapiga vigelegele, hata wale walionyimwa lifti.

Kavindu alikuja dirishani kunipongeza. Akavuta pumzi ya mle ndani, akaona peremende zako za mnanaa bado ziko kwenye kisahani cha majivu. Kisha akamwambia mtu wa Malili akatafute bustani kwingine.

Kila kitu kilikuwa kizuri mpaka tulipofika nyumbani na Kavindu akahesabu mbuzi.

Nilimvuta Kiema nyuma ya ghala. Nikamwuliza kama anaweza kuwa mwizi tena. Mara moja tu, ya mwisho. Akasema mimi na wewe, Mutanu, hata tungezaliwa tumbo moja tusingelingana hivi. Halafu akaenda kwa Kavindu, akavua kofia, akasema ni fisi. Amemwona kwa macho yake. Fisi mkubwa, amevaa kofia ya shambani.

Kavindu amechukua chungu, akapika chakula cha watu watatu.

Jumapili, 10 Agosti

Mutanu, leo nimempa Kiema lifti ya kwenda kanisani. Ni mtu wa kwanza kukaa kwenye kiti changu tangu nihamie chako. Usikasirike. Amekaa kwa adabu, kofia mapajani, na peremende amechukua moja tu.

Tulipofika penye mawe akanusa. Akauliza, mutui, hiyo harufu ni ya nini? Nikasema ni klachi mpya, inazoea. Akainama akatazama miguu yangu. Akasema toa mguu. Kama wewe! Hata dashibodi akaipiga.

Nimetoa. Kisha kwenye kona mguu ukarudi wenyewe. Ungeenda wapi? Magoti yangu yako kidevuni, usukani uko kifuani, hakuna mahali pengine pa kuuweka.

Kiti sijakisogeza. Jana usiku nilitoka na tochi, nikashika kile chuma, nikakiachia. Mbuzi wamebaki sita. Nimepiga hesabu: hizo ni klachi mbili.

Huko uliko, ukisikia injini inapiga kelele na gari halipandi, ni mimi. Unikumbuke.