Baiskeli Mbili za Samawati

Habteab aliamini kwamba kuiba ni dhambi na kuuza ni kazi, na kati ya hayo mawili aliacha uchochoro mpana wa kutosha kupitisha baiskeli. Hakuwahi kuingiza mkono mfukoni mwa mtu. Watu waliingiza wenyewe, wakatoa wenyewe, na wengi wao walimshukuru.

Jumanne moja katikati ya Julai alikuwa amekaa nje ya baa ya kahawa kwenye barabara kuu ya Asmara, makiato yake mezani, akichagua miongoni mwa beles. Ndivyo tunavyowaita ndugu zetu wa ng'ambo wanaorudi likizo, kwa kuwa huingia mjini pamoja na matunda ya mpungate, huwa watamu kwa wiki sita, kisha hutoweka na kutuachia miiba. Vijana wa mazoezi walipita kwa kasi, kumi na wawili kwa mstari mmoja, na kando ya barabara mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye viatu vipya vyeupe, akasimama kuwatazama.

Habteab alikuwa na kipimo chake. Anayetazama magurudumu ni fundi, hana pesa. Anayetazama nyuso anamtafuta mwanawe. Lakini anayetazama miguu ya waendeshaji, kisha akatazama ya kwake, kisha akavuta tumbo ndani, huyo ni mnunuzi.

Mwenye viatu vyeupe alivuta tumbo ndani.

"Wewe ulikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano," Habteab alisema bila kuinuka.

"Umejuaje?"

"Mguu hausahau, ndugu yangu. Kaa."

Hapakuwa na uchawi wowote. Katika mji huu kila mwanamume aliyevuka arobaini na tano alikuwa bingwa wa mtaa wake, na wote waliangushwa na pancha, tena karibu na utepe wa mwisho. Zerezgi, maana ndilo lililokuwa jina lake, alisimulia pancha yake hadi makiato ya pili. Sasa alikuwa dereva wa basi Gothenburg kwa mwaka wa ishirini na sita, akisafiri kutwa nzima akiwa amekaa. Daktari alikuwa amemwambia achague baiskeli au vidonge. Naye alitaka jambo moja tu kabla ya kurudi Sweden: ashuke hadi Nefasit na apande tena mpaka mjini kwa miguu yake mwenyewe, kama alipokuwa na miaka kumi na saba.

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nimesoma kwamba mtu anayerudi baada ya miaka mingi asikimbilie baiskeli ya mashindano. Atafute yenye usukani wa juu kidogo, tairi pana kidogo, na gia nyepesi za mlimani. Na kwanza apime mguu kwa kitabu."

"Kwa kitabu?"

"Unakibana hapa katikati, halafu unapima mpaka chini."

Habteab akamtazama kwa huruma. "Nani kaandika?"

"Sijui. Mholanzi."

"Uholanzi kuna mlima gani?"

Zerezgi akafikiri kwa uaminifu. "Hakuna."

"Basi," alisema Habteab, na karatasi ikarudi mfukoni.

Ilikuwa karatasi ya maana, ile. Kila neno lake lilikuwa kweli, na mtu mwenye akili timamu angeifuata. Lakini nani alirudi kwenye baiskeli akiwa na akili timamu? Mtu wa hamsini hanunui baiskeli ya mtu wa hamsini. Humnunulia yule kijana mwembamba wa zamani, kisha humpandisha juu yake baba wa kijana huyo.

Baiskeli aliyomwonyesha mchana huo ilikuwa ya samawati, ya chuma chembamba cha Kitaliano, kazi ya mikono, nyepesi ajabu. Hiyo ilikuwa ya Habteab mwenyewe. Alipewa na klabu yake akiwa na miaka ishirini na miwili, siku alipopanda kutoka Massawa hadi Asmara mbele ya watu wazima waliomdharau. Ndicho kitu pekee maishani mwake alichokipata bila kudanganya mtu, na alikipenda kiasi kwamba mke wake aliwahi kulalamika, kisha akaondoka. Kila Jumapili aliipanda peke yake, na kwa saa mbili hakumwambia mtu yeyote uongo.

Siku nyingine za wiki baiskeli hiyo ilifanya kazi. Pacha wake walizaliwa Medeber, kule kwenye vyuma chakavu ambako mapipa hugeuka majiko. Fundi Okbai alichomelea mabomba ya maji, akayapiga msasa, akayapaka samawati ileile na kubandika nembo ileile. Mteja aliijaribu ya Kitaliano, akalipa, akaambiwa asubiri siku tatu fundi airekebishe kwa kimo chake. Siku ya tatu aliletewa bomba.

Utauliza, hivi mteja hakuhisi uzito? Alihisi, tena sana. Hapo ndipo Habteab alipokuwa na kipaji. Beles aliyepanda bomba la maji na kuhema kabla ya kona ya kwanza hakuilaumu baiskeli hata siku moja. Alilaumu tumbo lake. Sita walikwisha kununua, na wote sita waliona aibu kusema. Mmoja aliacha bia, mwingine aliacha mke kwa kumnenepesha, na Habteab alijiona kama mtu aliyechangia afya ya taifa.

"Usinilipe leo," alimwambia Zerezgi. "Ipande kwanza hadi nyumbani, wakuone. Nitakufuata kwa miguu."

Zerezgi alikuwa amefikia kwa shangazi yake Abrehet, mtaa wa Akria. Mama huyo wa miaka sabini na mitatu alikuwa mlangoni mpwawe alipofika akiwa na uso wa mtoto wa sikukuu. Mvua ilikuwa imeacha dimbwi mbele ya kizingiti, kwa hiyo mama akaichukua baiskeli, akaiinua kwa mkono mmoja, akaipitisha juu ya maji.

"Safi sana," alimwambia Habteab, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika. "Unauza kitu kizuri hivi, mwanangu, una shida gani?"

"Mama, mimi na Zerezgi tumekuwa ndugu. Ndugu hawauziani, wanaachiana."

"Ananiachia kwa nakfa elfu thelathini," Zerezgi alieleza.

"Udugu wa siku hizi umepanda bei," alisema mama, akaingia ndani.

Zerezgi akalipa, akasisimka, akamkumbatia. Habteab akaondoka na baiskeli yake, eti kwa fundi, akipiga mluzi.

Ijumaa alasiri alirudi Akria akiikokota pacha. Mama Abrehet alimpokea tena mlangoni, akaishika baiskeli ili aipitishe juu ya dimbwi, akasita. Kisha akaishika kwa mikono miwili. Habteab akasikitika moyoni jinsi uzee unavyowapiga watu kwa siku tatu tu.

Mama aliiegemeza ukutani, akainama karibu na pedali kana kwamba anatafuta sindano, akapitisha kidole gumba pale mabomba yalipoungana, kama anayesoma mwandiko anaoujua.

"Karibu ukae," alisema akijinyoosha. "Nachoma kahawa."

"Mama, nina haraka kidogo."

"Umeleta kitu kipya nyumbani kwangu halafu uondoke kinywa kikavu? Kaa."

Akakaa. Nani angekataa? Kwetu vikombe ni vitatu, na cha tatu ndicho cha baraka. Anayeinuka kabla ya hicho amewatukana wenye nyumba, na waliokwisha kufa pia. Habteab alikuwa tapeli, lakini hakuwa mtu asiye na adabu.

Majirani waliingia mmoja mmoja kwa harufu ya kahawa. Wa mwisho alikuwa Yemane muuza nyama, mwenye mikono ya kazi yake. Akaitazama baiskeli kwa muda mrefu. "Kaka yangu wa Frankfurt alinunua ya rangi hii mwaka jana, kwa dalali fulani wa mjini," alisema. "Masikini, ameishiwa nguvu kabisa. Siku hizi anakula uji usio na chumvi. Na mimi naanza kuwa na mashaka."

"Umri, kaka," alisema Habteab, akaomba sukari.

Mama alikuwa akipitisha kikaango chenye moshi wa kahawa ili kila mtu anuse. Alipomfikia mpwawe aliinama sikioni mwake kwa muda mrefu kuliko harufu inavyohitaji. Kisha akasema kwa sauti: "Zerezgi, kaizungushe baiskeli yako mtaani, watu waione. Usitembee haraka, kahawa hii ni ya mgeni."

Zerezgi akatoka. Habteab hakuwa na wasiwasi, alijua mtu atarudi akihema na kujilaumu. Akanywa kikombe cha kwanza, akasimulia Massawa. Mama akachelewesha cha pili, akapuliza makaa, akaongeza maji, akamuuliza habari za mama yake mzazi, za bibi yake, za kijiji cha babu yake. Saa nzima ikapita, na Habteab akaona raha ya kusikilizwa na watu wazima wanaoamini.

Zerezgi aliingia na baiskeli ya samawati wakati kikombe cha tatu kinamiminwa. Alikuwa ametota jasho.

"Vipi, imekaaje?" Habteab akauliza.

"Nzuri mno. Ila tumbo linagonga goti."

"Litapungua."

"Mwanangu," alisema mama, "mimi ni mjane, mume wangu alikuwa fundi wa timu za mbio miaka thelathini, na aliniachia tabia ya kutaka mambo yasemwe wazi. Majirani hawa ni mashahidi. Hii ndiyo baiskeli uliyomuuzia mtoto wangu?"

Habteab akaitazama. Samawati ileile, nembo ileile. Okbai alikuwa fundi kwelikweli, kwa mbali hata mama mzazi wa baiskeli asingejua.

"Ndiyo hii hii."

"Utaapa?"

"Naapa kwa kikombe hiki cha baraka. Hii ndiyo niliyomuuzia, ni mali yake halali, na mimi sina dai lolote juu yake."

Majirani wakaitikia. Yemane akampa mkono, ukamuuma hadi jioni.

Jumapili asubuhi Habteab alikwenda Medeber kuchukua yake. Ilikuwa pale pale inapotundikwa, kwenye ndoano ya paa. Akaifikia kwa vidole viwili, kama alivyozoea miaka ishirini. Haikutoka. Akashika kwa mkono, akavuta, na bomba la maji likamwangukia kifuani.

Okbai akaacha kazi yake. "Kwani si wewe uliyemtuma? Yule beles alikuja Ijumaa na hii. Akasema wewe uko kwa shangazi yake unakunywa kahawa, umechanganya, umempa hii ya kutundikwa badala ya ile aliyoinunua. Nikambadilishia."

"Na ukamwamini!"

"Alisema ziko mbili. Nani angejua ziko mbili kama hukumwambia wewe? Halafu akasema shangazi yake ananisalimu, na kwamba lile jiko nililomchomelea bado halijaachia kwenye maungio. Mtu mstaarabu sana."

Habteab alikaa juu ya pipa. Kwanza alitukana, kisha akaacha kutukana. Aliiona ile siku ya Massawa, ukungu wa Nefasit, watu wazima wakibaki nyuma mmoja mmoja. Pesa za Zerezgi zote zilikuwa mfukoni, hazijaguswa, na angezitoa zote pamoja na za wale sita ili ainue ile samawati kwa vidole viwili tena. Akasimama, akaenda Akria mbio.

Walikuwa nje, wametoka kanisani, wakiwa na nguo nyeupe. Baiskeli yake ilikuwa imegeuzwa juu chini katikati ya uwanja, Zerezgi anaipaka mafuta cheni, akiwa amevaa kaptula iliyombana vibaya. Alikuwa anajiandaa kwa Nefasit. Yemane alikuwa pale na kaka yake aliyewasili juzi kutoka Frankfurt, mtu mwembamba mwenye uso wa uji.

"Karibu, mwanangu," alisema Mama Abrehet. "Nilijua utakuja."

"Mama, kuna kosa limetokea."

"Lipo. Nami ni mtu wa haki, sitaki cha mtu." Hakupandisha sauti wala kuishusha. "Waambie hawa uliokunywa nao Ijumaa: ile uliyotuletea ilikuwa na kasoro gani? Iseme tu kwa kinywa chako, hapa, wote wasikie. Ukishaisema, Zerezgi anakurudishia yako sasa hivi, wewe unaturudishia pesa, tunabaki ndugu."

Zerezgi akaacha cheni. Aliweka kitambaa chini, akangoja. Hakuwa akicheka, na hilo ndilo lililomchoma Habteab.

Akaitazama baiskeli. Gurudumu la nyuma lilikuwa bado linazunguka taratibu, bila sauti, jinsi yeye mwenyewe alivyolitengeneza. Akamtazama Yemane. Akamtazama kaka yake Yemane, ambaye kwa mwaka mzima hakuonja chumvi kwa sababu ya bomba la maji. Maneno yalikuwa machache, na yote alikuwa nayo mdomoni. Alifungua kinywa.

"Nilikuwa nauliza tu," alisema, "kama matairi yana upepo wa kutosha."

Mama Abrehet akaonekana kuchoka. "La nyuma limelegea kidogo," alisema.

Zerezgi akamkabidhi pampu, na Habteab akapiga magoti.