Maziwa ya Mkaza Mwana Ndani ya Friza

Kileleshwa, Nairobi
Jumatano

Kwa Kaka Kiilu, mkubwa wa nyumba yetu,

Uniwie radhi kwa kimya changu kirefu. Ulipiga simu sikuipokea, ukatuma salamu sikuzijibu. Sikuwa mgonjwa. Mikono yangu haikuwa na nafasi, na kilichoijaza ndicho ninachokuja kukilalamikia.

Unakumbuka nilikuja huku kumwona mjukuu wangu na kurudi nyumbani kabla ya mvua. Mvua imenyesha, nami ningali huku. Mkaza mwana wangu, Stellah, amemaliza likizo ya uzazi na kurudi ofisini kwake, katikati ya mji. Nilitarajia mtoto aanzishiwe maziwa ya kopo, mambo yaishe. Badala yake Stellah hukamua maziwa yake mwenyewe kwa mashine, nyumbani na hata kazini, ambako wametengewa chumba kwa shughuli hiyo. Jioni huyaleta katika kifuko chenye barafu, akayagandisha. Naomba wewe, kwa mamlaka ya mzaliwa wa kwanza, uupige marufuku utaratibu huu. Hoja zangu ni hizi:

1. Friza imetekwa. Mguu wa mbuzi ulionitumia ulitolewa ili vifuko vya maziwa vipate nafasi, nikalazimika kuumaliza kabla haujaharibika. Nilipomlalamikia Muindi, mwanangu wa kumzaa, alinijibu, "Baba, nyama inaweza ngoja, lakini hiyo maziwa haiwezi." Nilimfahamisha kwamba ni "maziwa hayo" na kwamba "hayawezi." Alinishukuru kwa adabu, kisha akaufunga mlango wa friza.

2. Wazee wetu walituachia nthoni, ile staha kati ya mtu na wakwe zake. Mimi sipaswi hata kuketi karibu na mkaza mwana wangu. Sasa nifanyeje mashine inapoanza kunguruma chumba cha pili? Hutoka nikasimama roshani, nikajifanya nayachunguza mawingu. Jirani wa ghorofa ya chini amemwuliza Muindi kama nafukuzwa ndani. Na sijakwambia lililo zito. Maziwa hayo, Kaka, nimeyashika kwa mikono yangu miwili. Yalikuwa ndani ya chupa, lakini nimeyashika.

3. Maziwa hayachemshwi. Mama alitufundisha kwamba maziwa yasiyofura mara tatu sufuriani ni sumu. Hapa chupa huwekwa katika bakuli la maji ya uvuguvugu, basi. Mtoto akibakiza, mabaki hayarudishwi kwenye friji, humwagwa. Nilikwenda na Stellah kliniki nikiwa nimejiandaa kumshtaki kwa muuguzi. Muuguzi akamsifu. Akasema mtoto huendelea kupata kinga ya mama yake hata mama akiwa kazini, na kwamba laiti akina mama wengi zaidi wangesaidiwa hivyo na jamaa zao. Halafu akanigeukia mimi, niliyekagua shule za wilaya nzima, akaniuliza kama huwa nanawa mikono.

4. Hapa ndipo nilipotegwa. Siku ya kwanza Stellah alipokwenda kazini, mtoto aliikataa chupa. Jacklyne, binti anayetusaidia kazi za nyumba, alimbembeleza akashindwa. Stellah akawa anapiga simu kila mara kutoka ofisini, na mwishowe akasema kwamba mtoto asipokunywa kufikia jioni, kesho yake ataandika barua ya kuacha kazi. Jacklyne akaniwekea mtoto mapajani. "Guka, mshike tu kidogo nioshe hii chupa ingine," akasema, akiniita babu kwa lugha ya kwao. Nilikuwa na chupa ya kwanza karibu. Sikuwa na nia yoyote. Mtoto aliniangalia usoni kama mkaguzi anayemwangalia mwalimu mpya, akafungua kinywa, akanywa yote. Tangu siku hiyo hanywi mchana ila kwangu. Mwanamume wa umri wangu ana zamu.

5. Utaratibu huu umeharibu mpangilio wa nyumba. Zamani mtoto akilia, baba alimkabidhi mama yake na kurudi kwenye gazeti lake. Udhuru huo sasa haupo. Muindi humnywesha mtoto alfajiri, naye mtoto humkubali mradi babake awe amevaa sweta yangu, kwa hiyo mimi hutetemeka hadi jua litoke. Stellah naye amepata usingizi wa kutosha. Mke aliyelala vizuri, Kaka, huamka na maoni. Siku hizi hujadiliana nami siasa wakati wa staftahi, na mara mbili amenishinda.

6. Mtoto amepewa jina langu, kama ilivyo desturi. Juzi, katika lifti iliyojaa watu, Muindi alimweleza mkewe kwa simu kwamba Kitavi amecheua vizuri na amebadilishwa nepi. Watu wote, wanaonijua kwa jina hilo, walinitazama mimi.

Kwa hiyo ombi langu ni fupi. Niamuru nirudi nyumbani, ukitaja nthoni, maana hoja hiyo hakuna atakayeipinga. Nzula, mamake Stellah, amejitolea kuja kutoka Machakos kuishika zamu yangu. Yeye ni mwanamke, ni mzazi, na hana nthoni na bintiye. Muindi na Stellah watalizungumza Jumapili baada ya ibada. Uamuzi ukishatolewa, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Nisalimie shemeji, watoto, jirani Mbaluka, na kila aliyeuliza nimepotelea wapi.

Mdogo wako mtiifu,
Kitavi

Tanbihi: Nimeirudia barua hii, nami naona haina kosa la sarufi. Hata hivyo, nakuomba usiitekeleze. Nimelifikiri tena suala la nthoni, nami nimeridhika kwamba wazee waliizungumzia staha ya macho, hawakuwahi kuitaja chupa. Shamba langu mpe Mbaluka alime msimu huu, na ule utakaofuata. Nzula alipiga simu leo mchana akiuliza apande basi lini. Nilimweleza, kwa kuyahurumia magoti yake, kwamba tunaishi ghorofa ya sita na lifti imeharibika. Akikuuliza, tafadhali sema vivyo hivyo.