Velko na Korongo wa Kwanza wa Dolno Lipovo

Sogeeni, enyi wenye masikio, na anayetafuna asitishe taya. Nawasimulia habari za Velko mwana wa Todor, shujaa wa magoti mabovu, mpuliza filimbi wa stesheni kwa miaka thelathini na minne, na siku aliyotoka kuyasaka majira ya kuchipua mafichoni mwao.

Kila Machi watu wa Dolno Lipovo hujifunga uzi mwekundu na mweupe mkononi, wala haufunguliwi mpaka korongo wa kwanza, mjumbe wa majira ya kuchipua, aonekane. Amwonaye kwanza, jina lake hubandikwa kwenye ubao wa maktaba. Miaka kumi na mmoja jina lilikuwa lile lile: Haralampi mfuga nyuki, mwenye sharubu kama mafagio mawili. Velko naye, mwaka uliopita, alitangaza korongo. Kijiji kizima kikatoka mbio, kikakuta mfuko wa nailoni umenasa juu ya nguzo ya umeme. Tangu hapo hata kasisi alimwita Bwana Nailoni.

"Leo tena?" mkewe Stanka alimuuliza asubuhi ya siku ya kumi na tisa ya Machi, akimwona anashika bakora. "Daktari kasema utembee, hajasema ukapigane."

"Stanka, leo ama zangu ama zao!"

"Haya, ukirudi pitia mkate."

Akatoka. Tope la njia ya mtoni likakiteka kiatu chake cha kushoto, akavutana nalo hata likakitema. Mabata bukini wa mjane Rada, askari wasioheshimu mkataba wowote, wakamvamia shingo zimenyoshwa. Akapenya katikati yao bakora juu. Akazikagua dalili kama amiri akaguaye majeshi: maua meupe yaliyotoboa theluji ukingoni, vitumba vya mlozi vikitunisha mashavu, chura mmoja akijaribu sauti. Lakini hao walikuwa askari wa miguu. Yeye alimtaka sultani wao.

Na bondeni akamwona: mweupe, ncha za mbawa nyeusi, miguu myekundu. Velko akafumba macho, akayafumbua, mara tatu. Ndipo yule ndege akamdaka chura akammeza, na mfuko wa nailoni haumezi chura.

"Nimemwona!" ikanguruma sauti. Haralampi alikuwa akija kutoka ng'ambo ya bonde, kidole mbele.

"Umemwona wapi?"

"Si yule pale! We kipofu?"

"Ile ni toroli ya Rada."

Korongo akagonga mdomo, ta-ta-ta-ta, upande mwingine kabisa. Haralampi akavua kofia polepole.

"Velko, ndugu yangu, macho yameingia ukungu, mwaka wa sita huu. Namsikia tu anavyogonga. Ukinisema, nimekwisha."

Upanga wa ulimi wa Velko ulikuwa umeshachomolewa nusu. Miezi kumi na miwili ya vicheko ilimpanda kooni. Akaitazama kofia ile mikononi mwa mzee mwenzake, akaurudisha upanga alani.

"Nishike mkono," alisema. "Hapa pana tope, litakula viatu vyako."

Saa nne na dakika ishirini, mbele ya umati wa watu tisa na mbwa, ubaoni ikaandikwa: KORONGO AMEONWA NA VELKO, AMESIKIWA NA HARALAMPI. Wazee wakakiri kwamba tangu kijiji kiundwe haujapata kutolewa ushahidi kamili namna ile. Nyuzi zikafunguliwa, makoti yakavuliwa, kasisi akampa Velko mkono akamwita kwa jina lake la ubatizo.

Alasiri theluji ikaanguka hadi magotini. Hakuna aliyeijali, majira ya kuchipua yalikuwa yameshabandikwa.