Chini ya Rangi Nyeusi

Jumatano, 5 Machi

Baba mkwe haoni vizuri tena. Daktari wa macho amemkataza kuendesha gari. Masikini mzee wa watu! Nimesikitika sana. Kisha nikakumbuka gari.

Ni jeusi, refu, la kizamani, viti vya ngozi. Amelileta mwenyewe leo kwa mwendo wa kobe, mke wangu kando yake akimwelekeza kushoto, kulia, baba simama. Amesema litakaa uani kwetu hadi Jumamosi. Siku hiyo atakuja kutamka ni mkwe gani atakayempa.

Wakwe ni wawili. Mimi, na Mwalimu, aliyemwoa dada yake mke wangu. Mwalimu ana gari tayari! La bluu, halina mkwaruzo hata mmoja. Mimi nina baiskeli, nayo ni ya mke wangu. Mzee humwita Mwalimu "mwanangu". Mimi huniita "huyu".

Lakini gari liko kwangu. Ikifika Jumamosi litakuwa linang'aa mpaka mzee alione bila miwani. Nimenunua kopo la nta ya gari. Mwalimu hajui lolote. Nimelala chali nikicheka peke yangu, mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 6 Machi

Kazini nimesema tumbo linaniuma. Jua la leo ni zawadi, kali kweli, nikajua litasaidia nta kuingia. Nimelipaka gari zima kwa mkupuo mmoja: boneti, paa, milango, hata vioo kwa kusahau. Nikaingia ndani kula. Nikajinyoosha kidogo.

Kuamka, nimepigwa na butwaa. Gari jeusi limekuwa jeupe! Nta imekauka, imeshika kama chokaa ukutani. Nimesugua kwa kitambaa, kwa fulana, kwa taulo la wageni. Wapi! Mke wangu akaokota kopo, akanisomea polepole: paka kivulini, sehemu ndogo ndogo, futa kabla ya kwenda sehemu nyingine. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema alidhani najua kusoma.

Jioni akapita Mwalimu kutujulia hali. Akalitazama gari, akauliza kwa upole kama tumepaka rangi dari. Kisha akashauri maji ya uvuguvugu, kitambaa laini na subira. Nani kamwuliza? Ndivyo anavyopendwa huyu, kwa ushauri.

Ijumaa, 7 Machi

Acha niandike yote.

Asubuhi nilikwenda kwa seremala, jirani yetu, kuazima mashine yake ya kung'arishia mbao. Seremala na Mwalimu ni chanda na pete, hivyo sikutaja gari. Nilimwambia nina kabati. Akauliza kabati lenyewe likoje. Nikasema chakavu sana. Mtu mwema, akaiandaa mashine mwenyewe kabla ya kunipa. Nikamshukuru.

Nikachomeka waya, nikaweka mashine katikati ya boneti, nikaegemea kwa nguvu zote. Nta ikatoka! Nikapiga vigelegele. Ikatoka na rangi. Msasa! Alikuwa ameniwekea msasa wa kabati chakavu!

Boneti la mkwe wangu lina doa kubwa kama sinia. Na doa si la bati. Ni rangi ya maziwa. Chini ya weusi kuna gari jingine! Mke wangu alipotoka alikaa juu ya ndoo. Kisha akasema gari tumelikosa, na baba tumemkosa pia. Hilo la baba liliniuma. Alikuwa analia.

Akajifuta macho, akachukua maji ya uvuguvugu na kitambaa, akaitoa nta yote iliyobaki. Ilitoka vizuri tu.

Mimi nimeshughulikia doa kwa dawa nyeusi ya viatu. Kopo zima, na brashi. Ukisimama langoni, huoni kitu. Na mzee asimame karibu kwa nini? Hata haoni. Nimemshukuru daktari wa macho, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 8 Machi

Haoni, lakini anapapasa! Sikuliwaza hilo!

Amekuja na Mwalimu kwenye lile la bluu, amevaa shati jeupe. Akalipapasa gari kuanzia buti, taratibu, akitabasamu. Jasho lilinitoka mimi. Akafika kwenye boneti, akalishika kwa viganja vyote viwili, kisha akajifuta uso. Uso mweusi tii! Akanusa vidole. Akasema ni dawa ya viatu.

Mwalimu, kwa ile adabu yake, akatoa leso akamfuta mzee, kisha akafuta na boneti. Maziwa yakatokea. Mzee akainama mpaka pua ikakaribia kugusa bati.

"Nani amelikwangua?"

Nilimnyooshea kidole Mwalimu, nikamtaja. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe.

Mzee akaanza kulia. Akasema, "Hii ndiyo rangi aliyoichagua mama yenu. Nilipomzika nikalipaka rangi nyeusi, sikuweza kuiangalia." Akasema macho yake yanakwisha, na alikuwa anaogopa yatakwisha kabla hajaiona tena. Mwalimu akasema si yeye aliyefanya hivyo. Mzee akamkumbatia, akasema unyenyekevu wake ndio huo huo siku zote. Akampa ufunguo palepale!

Nikasema ni mimi! Nikasema mara mbili! Mzee akamuuliza mke wangu huyu anasema nini. Mke wangu akaniangalia, akamjibu kuwa sisemi kitu.

Jumapili, 9 Machi

Sijalala. Mwalimu amekuja asubuhi kuchukua gari, wameondoka yeye, mzee na mke wangu kwenda kwa fundi rangi ili weusi wote uondolewe. Lile lake la bluu ameliacha uani kwetu hadi jioni.

Nimelizunguka. Bluu nzito mno, inatia shaka. Huenda Mwalimu naye ana kilio chake chini ya hiyo rangi, na mtu akimwonyesha atashukuru, na mtu anayeshukuru hutoa ufunguo. Mashine bado sijairudisha kwa seremala. Nimechomeka waya. Safari hii wakiuliza ni nani, nitasema upesi kuwa ni mimi.